Cheti cha Penina

Sokon, Arusha
4 Aprili 1954

Mdogo wangu mpenzi Penina,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako mwenye furaha isiyo na adabu! Hamjambo huko mlimani? Hii ni wiki ya sita ya ndoa, na bado Elinami akirudi kutoka hospitali moyo unaniruka. Ananawa mikono hadi viwiko, ananibusu, kisha ananisimulia yote aliyoyaona kwenye hadubini. Penina, mume wangu anaona visivyoonekana!

Sasa sikia. Amepima makohozi uliyomwachia Jumamosi uliposhuka sokoni. Hakuna kijidudu hata kimoja! Si kifua kikuu! Cheti hiki hapa, ametia sahihi mwenyewe. Tazama mwandiko ulivyo mzuri. Mwonyeshe Baba.

Dada yako,
Anande

Mlimani
25 Aprili 1954

Dada Anande, shikamoo.

Sisi wazima, Mama anakusalimu. Wewe na mumeo mtatuua kwa kicheko!

Baba alikisoma cheti kanisani. Unajua alivyoniombea siku arobaini. Akasimama na kusema, "Daktari amethibitisha kazi ya Bwana." Shemeji, mpimaji tu wa maabara, amepandishwa cheo akawa daktari siku hiyo hiyo! Baba akatoa mbuzi na mkungu wa ndizi kwa shukrani, vikanadiwa nje baada ya ibada. Watu wakanishika mikono, wengine wakalia.

Kikohozi kimerudi kidogo. Usimwambie mtu. Nakwenda kukohoa migombani.

Mdogo wako,
Penina

Sokon
16 Mei 1954

Penina mpenzi,

U hali gani? Niambie kweli. "Kidogo" ndiyo kiasi gani?

Nilimuuliza Elinami kwa kawaida makohozi hupimwa mara ngapi. "Asubuhi tatu mfululizo," akasema.

"Na ya Penina?"

"Mara moja. Mchana ule ule. Ni shemeji yangu, alikuwa anacheka, na Baba alikuwa anangoja jibu." Kisha akakasirika. "Cheti kimeshatoka, Anande. Ina maana mke wangu hana imani na kazi yangu?"

Imani! Neno hilo limeninyima raha. Mimi sijawahi kukiona kijidudu. Niliamini kwa sababu aliyesema ni Elinami, nami nampenda mpaka naona haya. Ninyi mliamini kwa sababu aliyeomba ni Baba. Sasa Elinami na Baba, kila mmoja amelishikilia neno lake. Anaogopa akiliachia atakuwa ametudanganya sote.

Njoo upimwe tena.

Dada yako,
Anande

Mlimani
6 Juni 1954

Dada, shikamoo.

Habari za huko? Hapa baridi ni kali.

Nilimwambia Baba. Akasema, "Mungu hafanyi kazi nusu, mwanangu. Na cheti si tunacho?" Akaniuliza kama nimetenda dhambi. Nikasema, "Dhambi nitaipata wapi, Baba, na wewe unanilinda hivi?" Akacheka, nami nikacheka, nikakohoa, akaiona damu kwenye leso. Akageukia ukutani. Dada, aliiona.

Nikija hospitali, Baba atakuwa mwongo mbele ya usharika, na shemeji atapoteza kazi. Watu wawili wanaonipenda wamesema nimepona. Acha nipone.

Mdogo wako,
Penina

Sokon
9 Juni 1954

Penina wangu,

Leo sikuulizi hali. Nimekwisha kuijua.

Nimemwambia Elinami habari za damu. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, akasema, "Itabidi nimwandikie daktari kwamba nilikosea." Karatasi iko mezani tangu jana, haina hata neno moja. Nampenda hata asipoandika, na hilo ndilo linalonitisha. Kwa hiyo simngoji.

Nakuja Alhamisi asubuhi na lori la Mzee Ephraimu. Baba nitamkabili mimi. Aibu aniachie mimi niliyeleta kile cheti. Jifunike shuka zito, barabarani kuna upepo. Baba akikuuliza unakwenda wapi na kwa neno la nani, mwambie dada amekuja kukuchukua. Hilo hatahitaji kuliamini. Nitakuwa nimesimama mlangoni.

Dada yako,
Anande