Isale Kwenye Ndoo ya Rangi

Shangazi Chausiku, shikamoo. Nakusoma kila Jumamosi na sikuwahi kudhani kuna siku nitafika mlangoni kwako, lakini naomba unisaidie, maana nina furaha na furaha yenyewe inaninyima usingizi. Mimi ni mfamasia, naishi Kimara, sijaolewa, na watu wa nyumbani wameshachoka kuniuliza.

Miaka minne iliyopita nilikuwa mchumba wa Fredrick, mkadiriaji majenzi, mtu wa kazi kama mimi, tulipendana kwa ratiba, tukionana pale kazi zinapotuachia, na kamati ya harusi ilikuwa imeshaanza vikao, ndipo kwenye kikao kimoja mwenyekiti akasimama kumpongeza Fredrick kwa kupata kazi Mtwara, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi nikiwa sijui lolote, kumbe alishaikubali kazi muda tu akawa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Kesho yake nilimrudishia pete. Yeye akaenda Mtwara, mimi nikazama kazini nikawa najisifu kwamba nimesahau.

Basi Desemba iliyopita nikapanda kwenda Machame kula Krismasi kama sisi Wachaga tunavyofanya kila mwaka, na asubuhi moja baada ya sikukuu, ukungu umeshuka mpaka migombani, nikamwona Fredrick amesimama getini ndani ya koti la baba yake, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Shangazi, kwetu isale ni jani la kuombea msamaha, ukiletewa hulikatai hata kama moyo umejaa nyongo.

"Eliaichi, sikuja kuomba turudiane," alisema. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikufanya mjinga mbele za watu."

Nilitaka kuwa mkali, nikajikuta nimelipokea jani na machozi yananitoka, na mama alikuwa anachungulia dirishani.

Siku zilizofuata sijui nikusimulieje, mpaka leo nikifumba macho kazini zinanijia, tunatembea kando ya mfereji, maji yanaongea peke yake chini ya mikahawa, simu tumeziacha ndani, mlima unajitokeza kidogo halafu unajifunika tena, tunakula ndizi za kuchoma na mikono inanuka moshi, hakuna anayetaja kazi, nami nikagundua kwamba kwa muda wote ule wa uchumba sikuwahi kumsikia huyu mtu akicheka taratibu. Nilimpenda upya, shangazi, tena kuliko mwanzo. Siku ya kuondoka nikavunja kijiti cha isale kwenye ua wa kihamba chetu, shamba letu la urithi la migomba, nikaja kukipanda kwenye ndoo tupu ya rangi hapa barazani, majirani wakaniambia joto la Dar litakiua, lakini kimeshika na sasa kina majani.

Fredrick siku hizi amerudi Dar, anakaa Kawe. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja, tunakaa barazani karibu na ile ndoo, magari ya Morogoro Road yanavuma kule chini na mimi nayasikia kama ule mfereji. Ananieleza kila kitu, hata akibadilisha fundi wa gari ananiambia. Anataka Pasaka wazee wake waje kwetu kwa mara ya pili.

Sasa shangazi, kampuni yetu inafungua tawi Mwanza na mimi ndiye niliyeteuliwa kuliongoza, ni kazi niliyoiota tangu niko chuo, na nimeshasaini, nitaondoka Pasaka ikipita. Fredrick sijamwambia. Kila Jumapili naanza, halafu kaupepo kanapita, anacheka, nasema acha leo ipite, nitatafuta siku nzuri. Naomba unishauri, niikatae kazi au nimkatae yeye? Na kama ni yeye, nimwacheje kwa upole asiumie?

Eliaichi, Kimara

*

Marahaba, Eliaichi mwanangu. Barua yako nimeisomea jikoni kwangu Temeke mpaka wali ukaungua, kwa hiyo ujue imeniingia. Mie Mzaramo, mlima wenu nauonaga kwenye kalenda tu, lakini huo mfereji nimeusikia. Mnapendana, wala sina wasiwasi na hilo. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Irudie barua yako uisome mwenyewe. Fredrick alikubali kazi kimyakimya, akawa anatafuta siku nzuri ya kukuambia. Wewe umesaini kimyakimya, unatafuta siku nzuri ya kumwambia. Nyani haoni kundule. Tena yeye angalau alikuwa hajui jambo hilo linaumaje. Wewe unajua, ulipiga makofi.

Halafu unaniuliza umwache vipi kwa upole. Unamwacha mtu ambaye hujamuuliza kitu? Umeniletea njia mbili, kukataa kazi au kukataa mwanamume, na ile ya kufungua mdomo umeiruka. Nani kakwambia hawezi kuja Mwanza? Kule watu hawajengi? Na kama hawezi kuja, nani kakwambia hawezi kusubiri? Nyie wasomi mnapenda kujibu maswali ambayo mwenzenu hajaulizwa. Nakuonea huruma, najua unaogopa ile ndoto ya Machame isije ikavunjika, maana mpaka sasa imeishi sikukuu na Jumapili tu. Haijaonja Jumatano.

Kazi usiikatae. Ukiiacha kwa hofu utakuja kumlaumu Fredrick uzeeni, na yeye hatajua kosa lake ni lipi. Ila Jumapili usiingoje. Nenda wiki hii, katikati ya wiki, ukitoka kazini, umechoka hivyo hivyo, naye amerudi na vumbi la saiti. Usimtumie ujumbe, wala usimtume mtu. Mwambie umepata kazi Mwanza, umeshasaini, ulimficha kwa sababu uliogopa. Kisha nyamaza. Akikasirika mwache akasirike, wewe ulikasirika miaka minne na hakuna aliyekuharakisha. Anaweza akakusamehe na bado asiweze kuishi mbali na wewe, na hilo itabidi ulipokee. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu. Wazee wakija Pasaka naye hajui, zamu hii atapiga makofi yeye.

Jambo la mwisho. Mtaani kwetu yuko mama mmoja Mchaga, muuza vitenge, nimemuuliza kama mwanamke naye anaruhusiwa kupeleka isale. Akanicheka. Akasema aliyekosa ndiye anayelipeleka, basi.

Na wewe lako umeliotesha mwenyewe barazani. Kata jani moja, lifunge fundo, uende Kawe. Ukifika getini kwake usianze na habari za tawi. Mpe jani kwanza.