Chumba Alichoningojea Wafula

Huruma, Nairobi
Jumapili alasiri

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla ya mengine nataka kujua habari za mguu wako. Ile dawa ya kuchua inakusaidia, au umeshaigawa kwa majirani? Na mahindi ya kule karibu na mto, yalinusurika na yale maji ya mafuriko? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nimepungua kidogo tu, kwa hiyo usianze kunihesabia mbavu ukiwa huko.

Shangazi Rispa amewapa barua hii bila hata salamu, na najua mmeshtuka. Msimkasirikie. Nimemwomba asiseme neno, na asiingie getini mpaka mmalize kusoma. Mpelekeeni kigoda akae hapo nje, lakini msimpokee alichobeba. Nanjala, mke wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali popote.

Ningepiga simu, lakini Mama simu yako huipokea kwa spika na nusu ya kijiji husikiliza. Hili ni letu.

Siku naondoka uliniambia mambo mawili. Kwanza, nitafute kanisa. Pili, nisikanyage Huruma, kwa sababu ndiko kaka yangu Wafula alikofia. La kwanza nimelitimiza. La pili nimelivunja, na hapa ninapoandika nimekaa ndani ya chumba chake.

Nilifika Nairobi siku ya Jumatano. Rafiki yangu wa shule aliyenipokea ana chumba kimoja, mke wake alikuwa karibu kujifungua, na mama mkwe alikuwa njiani kuja kumsaidia. Aliniambia kwa aibu kwamba ifikapo Jumamosi niwe nimepata kwangu. Jumatatu nilikuwa naanza kazi kwenye kiwanda cha mikate, na nilishamwahidi Nanjala kwamba shule zikifunguliwa yeye na mtoto watakuwa nami. Kwa hiyo nilikuwa na siku tatu za kupata nyumba katika mji ambao sikujua hata jua linatokea upande gani.

Nilianza Jericho. Zile nyumba za zamani ni za chini, zina uwanja, nikasema hapa Nanjala angepanda sukuma wiki. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa anapangisha chumba, na tulikuwa watu tisa kwenye foleni. Alipofika kwangu aliniuliza ninatoka wapi, nina watoto wangapi, kama nakunywa. Nilijibu vizuri sana. Akasema, "Wewe ni mtu mzuri, kijana yangu, lakini nimeshampa yule wa pili." Mpaka leo sijui kwa nini alituacha tuendelee kupanga foleni.

Siku ya pili nilikwenda Kware. Huko ghorofa zimebanana hivi kwamba nilifungua dirisha la ghorofa ya sita, nikanyoosha mkono, nikagusa ukuta wa jirani. Mchana lazima uwashe taa. Hata hivyo nilikitaka chumba, nikamwambia dalali nitarudi baada ya saa moja na godoro. Niliporudi, godoro la mtu mwingine lilikuwa ndani, na mwenyewe amelala juu yake na viatu. "Buda, hii keja imeenda," aliniambia, yaani chumba kimeshachukuliwa, wala hakuinuka. Kumbe hapa mjini ahadi si kitu. Anayetangulia kuweka godoro ndiye mpangaji.

Jumamosi asubuhi sikuwa na pa kwenda. Kwenye simu yangu kulikuwa na namba moja tu ya mtu wa Eastlands anayeshughulika na nyumba, ya yule mwanamke aliyetupigia miaka miwili iliyopita kutuambia Wafula amezidiwa na kifua. Sikuwahi kuifuta. Nilimpigia nikasema natafuta nyumba, bila kujitambulisha. Akasema iko moja, ghorofa ya tatu, njoo uone.

Anaitwa Mama Shiru. Ni mtu wa Murang'a, msimamizi wa ploti hii ya vyumba vya kupanga, na anauza mboga chini ya ngazi. Aliponiona, kisu chake cha kukatia sukuma kilisimama. Unajua jinsi mimi na Wafula tulivyofanana.

"Wewe ndiye Wekesa," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama."

"Umechelewa. Alikungoja sana." Akaendelea kukata mboga huku ananiangalia. "Kila Jumamosi ananiambia, Mama Shiru, ndugu yangu anakuja wiki ijayo, usishtuke ukiona mtu na sura yangu. Mimi nilikuwa nimekuchoka hata kabla nikuone."

Mama, hili hulijui. Wafula aliniita. Aliniita mwaka mzima. Mara mbili alinitafutia kazi, nami nikasema nitakuja tukimaliza kuvuna, halafu nikasema baada ya Krismasi. Niliogopa mji, na niliona haya kumwambia hivyo kaka yangu. Nikakusingizia wewe. Nilimwambia Mama hataki niondoke. Alikufa akiamini wewe ndiye uliyenizuia. Nisamehe, Mama.

Tukipanda ngazi, Mama Shiru aliniambia chumba ni kile cha Wafula, na wapangaji watatu wamekihama tangu afe.

"Kwa nini?"

"Ati wakifungua mlango, kuna mtu anawauliza kama wamefika. Mimi ni mtu wa kanisa, hizo vitu siamini. Lakini nyumba ni yako ukitaka. Na ukitaka, leta godoro saa hii."

Hakuna mtu aliyemwambia mwanamke huyu habari za nyumbani kwetu. Unakumbuka Wafula alivyokuwa akitungoja getini tukitoka shule? Hakuwahi kusema karibu kama watu wengine. Anakuona tangu mbali, anakutazama mpaka unaingia, kisha anakuuliza, "Umefika?" Usipojibu, anauliza tena. Ulikuwa ukimcheka na kumwambia macho yake yana kazi gani.

Nilikichukua chumba. Sikuwa na pengine pa kulala, huo ndio ukweli wenyewe.

Nyuma ya mlango kuna misumari miwili ya kutundikia nguo, mmoja umelainika kwa kutumika, mwingine bado unakwaruza kama umetoka dukani leo. Mama Shiru alinitolea vitu alivyokuwa amevihifadhi stoo: vikombe viwili, lile koti lake la kahawia, na mbao za kitanda cha pili, zimekatwa na kupigwa randa lakini hazijaungwa. "Hizi ni zako," aliniambia. "Alisema atakiunga siku ukifika, ndio umshikie mbao."

Jumatatu nilitoka kazini saa kumi. Jua lilikuwa bado linawaka ngazini na watoto wanacheza. Niliingiza ufunguo, nikausukuma mlango, na Mama, nilisikia. Sitaki mseme niliota. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, mkate mkononi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa kitandani, haina hasira yoyote. "Umefika?"

Nilibaki mlangoni mpaka jirani akanipita mara mbili. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikajibu, "Nimefika, kaka," na chumba kikatulia. Tangu hapo tumekuwa tukifanya hivyo kila siku, yeye anauliza, mimi najibu. Wiki iliyopita nilijikuta natoka kazini mbio ili niulizwe. Hilo limenitisha kuliko ile siku ya kwanza.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo wewe hukusahau. Baba alipofia hospitali, uliingia wodini ukachukua koti lake, ukamwita kwa jina, ukamwambia twende nyumbani, na hukumsemesha mtu njiani mpaka ulipolitundika koti ndani ya nyumba yetu. Wafula alipofariki ulitaka tupite hapa kwanza. Ni mimi niliyekataa. Mimi kiongozi wa kwaya, nikasema hayo ni mambo ya zamani, gari linangoja, tutoke mochari moja kwa moja. Ukapanda gari. Baadaye ukaniambia kila ukilala unamwona amesimama nje ya geti, haingii, nami nikakuambia ni uchovu wa matanga. Mwili wake tuliuleta, Mama. Yeye tulimwacha hapa akiningoja.

Mtoto wangu anakuja Jumatano. Siwezi kumleta kwenye chumba ambacho ataulizwa na mtu asiyemwona, na siwezi kumwacha kaka yangu aendelee kuuliza wapangaji. Kazini hawanipi ruhusa, bado mimi ni mgeni. Shangazi Rispa alikuwa amekuja hapa Nairobi kumtembelea binti yake, na kesho anarudi huko. Nilipomweleza hakucheka. Alisema tu, "Tulichelewa."

Leo baada ya kanisa nilisimama katikati ya chumba, nikalitoa koti msumarini, nikaita majina yake yote, la nyumbani na la ubatizo. Nikamwambia, "Kaka, niliogopa, nikakudanganya. Mama hakunizuia kamwe. Sasa nimefika, hakuna tena wa kungojwa. Twende nyumbani." Nikashuka bila kumsemesha mtu. Mama Shiru aliponiona na koti alifunika mboga zake kwa gunia, akasimama mpaka nikapita. Shangazi, aliyekuwa akiningoja barabarani, alilipokea kwa mikono miwili, na kuanzia hapo hajasema neno. Mnajua jinsi Shangazi anavyopenda kuongea, kwa hiyo mjue alivyompenda Wafula.

Nilirudi nikafungua mlango. Sikuulizwa kitu. Nikatoka, nikafunga, nikafungua tena. Kimya. Nikakaa sakafuni nikamlilia kaka yangu, Mama, ambaye siku ya mazishi sikumlilia kwa sababu nilikuwa naongoza nyimbo.

Halafu nikaunga kitanda. Nanjala, njoo Jumatano kama tulivyopanga, mtoto ana mahali pa kulala, na mbao ni za baba yake mkubwa.

Nisalimieni mjomba, mchunga ng'ombe wetu asiyechoka, na dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya mto, na mama mchungaji anayekuletea kuni. Mwambieni binamu mwenye pikipiki asimbebe Mama akiendesha vile anavyoendesha.

Barua imekwisha, na Shangazi bado yuko hapo nje na koti. Mama, inuka sasa uende wewe mwenyewe umfungulie geti. Usimwambie karibu. Mtazame mpaka aingie, kisha umuulize, "Umefika?"

Mwanao,
Wekesa