Mablanketi Kumi na Nane ya Kambi

Jumanne, 8 Julai
Uji umeiva alfajiri. Watu ishirini na wanne. Kuni mbichi, moshi mtupu, macho yanachuruzika. Ni vijana wa mgambo, wamewekwa huku juu kwenye shule ya zamani, karibu na msitu. Mimi ndiyo mpishi, ndiyo stoo. Darasa la nne tu, lakini afande kasema nina roho safi. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga.
Mlima hatujauona wiki nzima. Ukungu tu.
Manka, binti yangu wa kuzaa, yumo kwenye foleni. Namchotea kikombe sawa na wenzake. Simtazami usoni, watu wasiseme.

Alhamisi, 10 Julai
Mablanketi yamekuja. Kumi na nane! Afande kaniachia nigawe. "Mama stoo, wewe ni mama wa wote." Nimeanza na wale wa tambarare, hawajazoea baridi hii. Likabaki moja. Mbele yangu Manka na Zuhura, binti wa kutoka Kahe kule tambarare, na wengine nyuma yao. Wote wananiangalia mikono. Nimempa Zuhura.
Manka kacheka, kaniita mama kwa kikwetu. "Mae, mimi wa mlimani bwana, baridi ndugu yangu." Wakacheka wote. Nami nikacheka.
Nimejiona mtu wa haki. Mimi nalalia la kwangu la nyumbani.

Ijumaa, 11 Julai
Gari la unga limekwama kwenye tope huko chini. Kina mama wa kijijini wameleta ndizi, Mungu awabariki. Maharage nimeyachemsha toka asubuhi mpaka jioni, bado mawe. Wamekula hivyo hivyo. Nimeona aibu.
Manka anakohoa. Namsikia mpaka jikoni. Kikohozi cha mtoto wako hakipotei kwenye kundi.

Jumapili, 13 Julai
Nimempelekea blanketi langu. Kakataa. "Mae, wataniona. Watasema wa stoo anapendelewa." Sauti imekauka kabisa.
Nikaenda kwa afande, nikamwomba amruhusu Manka ashuke nyumbani. "Nikimwachia mtoto wa stoo, hawa wengine nitawaambia nini?"
Ni maneno yangu mwenyewe yale, niliyoyawaza siku ya kugawa. Nimerudi na blanketi langu mkononi. Kwa nini sikumfunika kwa nguvu? Mama gani mimi.

Jumatatu, 14 Julai
Wagonjwa saba. Matumbo, homa. Wameshushwa kwao. Manka kasema yeye mzima. Unga bado. Naogopa. Sina mtu wa kumwambia.

Jumatano, 16 Julai
Manka kaanguka paredi. Midomo ya bluu.
Wamekata miti, wakafanya machela, wakamshusha kwenye utelezi mpaka penye gari. Zuhura kavua blanketi lake, kamfunika. "Chukua mama, lilikuwa lake hili." Heri angenitukana.
Hospitali wamesema nimonia, mapafu yote mawili. Wamemwekea oksijeni. Daktari kauliza alikuwa analala wapi. Sakafuni, nikasema. Kwa blanketi? Nikamvutia lile la Zuhura mpaka shingoni.

Ijumaa, 18 Julai
Hajafumbua macho. Ee Mungu, nichukue mimi.

Jumamosi, 19 Julai
Nimepanda kambini kukabidhi ufunguo na blanketi la Zuhura. Waliobaki ni kumi na sita. Mablanketi kumi na nane. Sasa yanatosha. Mawili yamezidi. Nimeyakunja vizuri nikafunga stoo.
Nimepita nyumbani, nikachuma jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Kwetu ndiyo tunaombea msamaha, na ukilipokea umesamehe. Mzazi hampelekei mtoto. Nimepeleka.
Nimeshuka hospitali, nimemwekea kiganjani. Nimemwambia ni mimi, Mae.
Vidole havijalifumbata bado. Nimekaa hapa naviangalia.