Krimu Iliyotoka Kwenye Friza

Shoga, nilichokiona kwanza ni maji. Bosi aliigandisha ile krimu ya dawa ya uso tunayouza dukani ili isiharibike, ikatoka kwenye friza imejitenga, mafuta juu, maji chini. Akasema, "Koroga, ujipake mkononi tuone." Kama kawaida yake.

Si unajua anavyowaambia wateja? Dawa imefungwa ndani ya liposomu, vitone vya mafuta visivyoonekana, vinaipitisha kwenye ngozi polepole. Polepole! Mimi niliungua siku ile ile. Na bado akauza!

Leo kaka wa mteja kaingia dukani, hata salamu hakuna. "Dada yangu uso umebanduka! Daktari kasema mliigandisha, vitone vikapasuka, dawa yote ikammwagikia mara moja!" Akamzaba bosi kofi, miwani ikaruka. Akamkaba, akampigiza kwenye kabati la vioo. Damu mpaka kwenye kalenda.

Sasa sikia. Bosi, mdomo umejaa damu, akaninyooshea kidole. "Ni huyu! Huyu binti ndiye aliyegandisha!" Mimi! Shoga, mimi!

Yule kaka akanigeukia, kainua kigoda cha wateja. Nikakunja tu mkono wa gauni. Akaiona ngozi ilivyochubuka. "Na wewe kakupaka?" Nikaitikia kwa kichwa. Kigoda kikamrudia bosi.

Majirani walipokuja kuamulia, wakaniambia, "Pole, mwanangu, umeogopa."

Nakwambia wewe tu. Sikuwa naogopa. Moyoni nilikuwa nasema, mwongeze.