Mvua Inayovuka Milima ya Matumbi

Jumatatu, 5 Machi 1906
Kituo cha serikali, Umwe. Kopo la kupimia mvua kavu. Nimeandika sifuri, kama jana na juzi. Bwana mkubwa Mdachi kafurahi. Anasema mwaka huu mto hautajaa, watu wapelekwe bondeni kupalilia pamba yake.
Nimemhadithia mke wangu, Somoe. Kacheka, kisha katoka nje kuutazama mto. Yeye ni wa Umatumbini, ile milima tunayoiona kusini. Kijiji chao askari walikichoma mwaka jana, vita vya maji vilipoanza.

Jumatano, 7 Machi
Sifuri.
Somoe kanitolea siri. Shangazi yake na watoto wanne wamewakimbia askari, wamejificha ng'ambo ya mto, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo cha kufukuzia ndege wa mpunga. Wiki ya tatu sasa anawapelekea unga. Bwana mkubwa akijua nitanyongwa. Nimekasirika. Nimeogopa zaidi.

Ijumaa, 9 Machi
Nilipotoka msikitini Somoe kanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba. Upepo wa baharini unavuma kwa nguvu.
"Tazama milimani, mume wangu. Mawingu yanapita juu, hayamwagi."
Nikamwambia ndiyo maana kopo halina kitu.
"Upepo ukiwa mdogo, milima yetu huyazuia. Mvua yote yetu, na walio nyuma ya milima wanakufa njaa. Ukiwa mkubwa hivi yanavuka, yanakwenda kukwama kwenye milima mirefu ya bara. Maji ya huko yanashukia wapi?"
Nikautazama mto.
Kafundishwa na bibi yake, naye alifundishwa na mama yake. Wanawake hao waliangalia masika yote ya maisha yao. Milima haikusogea hata shubiri, lakini kila mwaka imegawa mvua kwa namna yake. Mimi miaka mitano nimeinamia kopo, sikuinua macho. Mke wangu ana akili kunishinda. Naandika bila haya.

Jumamosi, 10 Machi
Nimemweleza bwana mkubwa kwamba mto utajaa. Kaligonga kopo kwa kalamu yake. "Hapa hakuna mvua, karani."
Maji ya mto yamekuwa mekundu. Yanabeba magogo. Somoe hali chakula.

Jumapili, 11 Machi
Nimeazima mtumbwi. Nimeaga kwamba nakwenda kutazama pamba. Somoe alisukuma kwa upondo, mimi nikapiga kafi.
Ng'ambo, maji yalikwishafunika mpunga. Shangazi aliona kofia yangu ya serikali akainua panga. Somoe akampigia kelele kwa Kimatumbi, mimi nikaitupa kofia mtoni. Watoto wakashuka mmoja mmoja, shangazi mwisho. Hatujafika katikati ya mto dungu likainama, likachukuliwa.
Jua lilikuwa kali muda wote. Hakuna tone lililotudondokea. Giza lilipoingia nimewaingiza nyumbani, nikafunga mlango.

Alhamisi, 15 Machi
Bonde lote maji. Pamba imezama. Watu wa bondeni wamejaa huku juu, hakuna anayeuliza nani katoka wapi. Shangazi yumo humo humo, anatwanga na wenzake.
Bwana mkubwa kaniuliza nilijuaje.
"Mke wangu ndiye aliyejua, bwana."
Kanitazama sana. Hakuandika neno. Nimeona fahari, na hofu kidogo.

Jumapili, 25 Machi
Maji yanapungua. Shangazi anasema askari wakiondoka atarudi milimani kupanda mtama. Nimemuuliza kukoje kule, mawingu yanapoufikia mlima.
"Unakuwa ndani yake, mkwe. Huoni mkono wako. Halafu unasikia mvua inakuja, kutoka chini. Njoo usikie mwenyewe."
Nimesema inshallah. Somoe kaniangalia kuona kama namaanisha.
Namaanisha.