Kilichosimama Mbele Yetu

Jumanne, 10 Machi

Hoteli jirani na uwanja wa ndege, ghorofa ya nne. Dirisha halifunguki — nimelivuta mpaka kucha ikavunjika. Pumzikeni kwanza, kampuni wametuambia. Kupumzika gani huku kuna mlinzi kwenye lifti?

Niandike kabla sijaanza kujitilia shaka. Jana alasiri, juu ya mawingu, kweupe. Mimi rubani msaidizi nimeshika usukani, Kapteni yuko kwenye redio. Ghafla — kitu. Cheusi, cha mviringo, hakina mabawa. Kimesimama! Kapteni akasema, "Yarabi, nini hicho?" Nikakata kulia kwa nguvu zote. Kikapita ubavuni, kisha hakipo. Kapteni akawaeleza waongozaji wa chini. Wakajibu: kwenye rada mko peke yenu.

Huko nyuma mhudumu wetu, tunamwita Kicheko, alikuwa anamimina chai. Akarushwa, akaangukia toroli. Nyonga imevunjika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumatano, 11 Machi

Daktari wa kampuni. Unalala? Unasikia sauti? Nikamwambia naisikia ya mama, kila Jumapili, inauliza nitaolewa lini. Hakucheka. Aliandika! Mdomo wangu huu utaniponza.

Mama mwenyewe kapiga. Habari zimeshafika saluni kwake. Sema hukuona, mwanangu, kwani utapungukiwa nini?

Alhamisi, 12 Machi

Mkuu wa marubani amekuja. Mpole mno — upole wa mtu anayenoa kisu. Nikisema kilikuwepo, mimi ni rubani anayeona visivyoonwa na rada, leseni itakaa kabatini mpaka madaktari waridhike. Na hao hawaridhiki. Nikisema hakikuwepo, nilishtuka bure: nirudi darasani miezi michache, yaishe. "Kosa linasameheka," akasema. "Wazimu hausameheki."

Na rubani mwenzangu akikikuta kesho, asigeuze kwa kuona haya? Hilo halikumhusu.

Nikadai kinasa sauti cha chumba cha marubani. Yarabi ya Kapteni imo humo! Akatikisa kichwa. Ndege ikishatua unatakiwa ukizime, la sivyo kinaendelea kurekodi juu ya yale ya zamani. Nani alikizima? Sote wawili tulimkimbilia Kicheko. Mafundi wakaacha umeme unawaka, wakaenda zao. Kimebaki kimya kitupu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuzima swichi ile!

Ijumaa, 13 Machi

Kuta za hapa ni karatasi. Kapteni, chumba cha pili, anamwambia mkewe lilikuwa jua tu limepiga kwenye wingu, binti kashtuka, yeye redioni alirudia tu alichoambiwa.

Nimegonga mpaka kafungua. Mzee, si wewe uliyesema Yarabi? Hakunitazama. Eti kabakiza miezi michache astaafu, mimi kijana, nitainuka. Mwamba ngoma huvutia kwake, kweli. Huyu ndiye aliyenifundisha kutua kwenye upepo wa ubavuni. Nilikuwa namwita baba. Nimelia, tena kwa sauti. Kama ukuta ni karatasi, naye asikie.

Jumamosi, 14 Machi

Kicheko kapiga kutoka hospitali. Bado anacheka, ila sasa anacheka huku anaugulia.

Dada, mimi nilikiona. Kwenye kidirisha cha mlango wa nyuma. Cheusi tii.

Nikaruka kitandani — shahidi! Akanikatiza. Bima wamemwambia: likiwa kosa la rubani, watalipia apasuliwe wiki ijayo. Likiwa jambo lisilojulikana, asubiri uchunguzi uishe. Na nyonga haisubiri, daktari kasema akichelewa atachechemea maisha. "Usinitaje, dada. Nakuomba sana." Kisha akaongeza, afadhali usiseme kabisa. Kisha akasema hapana, sema unachojua wewe. Kisha akakata.

Ningekuwa na hasira naye ningepumua. Sina. Nikisema kweli namlemaza, nikisema uongo namponya. Na mimi ndiye niliyemvunja.

Jumapili, 15 Machi

Sijala. Kesho naitwa mbele ya kamati ya uchunguzi. Nimepiga pasi sare mara mbili.

Jumatatu, 16 Machi

Niko kwenye korido, kiti cha plastiki, nje ya chumba cha kamati. Kapteni kaingia kwanza, katoka, kaambiwa asiondoke. Nikaingia mimi. Nilijiandaa kwa kila swali isipokuwa moja. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza: ukikiona tena kesho, abiria wamejaa, utageuza?

Ndiyo? Basi nitawavunja wengine. Hapana? Basi kwa nini niligeuza siku ile? Nikakwama. Akaniambia nitoke nivute pumzi, wataniita.

Kapteni yuko kiti cha pili kutoka kwangu. Kazeeka wiki hii, maskini. Nikamuuliza swali lilelile: mzee, ungegeuza?

Akajibu, anaongea na sakafu: "Ulichelewa, binti. Mimi ningegeuza kabla yako."

Mungu wangu! Nimemwambia basi twende wote, ukawaambie hivyo hivyo. Kuhusu Kicheko, sote wawili tutapigana na hao bima, si mimi peke yangu. Anapangusa kofia yake kwa kiganja, anapangusa tu.

Mlango umefunguliwa. Karani anasema ingieni, mwenyekiti karuhusu hata wawili pamoja, mkitaka.

Naandika nimesimama. Yeye bado amekaa.