Dawa Zinazogombea Mlango Mmoja

Mama yangu uliyetangulia,

Asubuhi nimepekua tena chini ya mto wa baba, nikakuta vidonge vya tumbo vimefungwa kwenye kitambaa. Nimechoka, mama. Kumuuguza si kazi. Kazi ni kumlinda na wema wa watu.

Unakumbuka kisiwani kwetu Chula? Hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji, kwa hiyo dawa ikiingia nyumba moja ilikuwa ya mtaa mzima. Ulikata karatasi ya vidonge kwa mkasi wako wa kushonea, ukanituma kwa jirani. "Mpe na yule, naye ni mchu," ulisema, maana kwako kila mtu ni mtu. Nilipenda kutumwa, maana sikukosa kipande cha mkate wa mofa huko niendako.

Hapa Kismayo mtindo ni ule ule. Bi Mwanaisha, jirani yetu, akisikia baba ana kiungulia humletea vidonge vyake mwenyewe. Daktari alinieleza mara mbili ndipo nikaelewa. Kwenye utando wa seli za figo kuna protini zinazovusha dawa kutoka kwenye damu ziende kwenye mkojo. Zinazovusha molekuli zenye chaji chanya si zile za chaji hasi. Dawa ya sukari ya baba ina chaji chanya, na vidonge vya Bi Mwanaisha vivyo hivyo. Zikikutana zinagombea mlango mmoja, na ya sukari inabaki ikijazana kwenye damu. Figo zenyewe zimeshachoka. Akiendelea, dawa itamgeukia sumu.

Nilimwambia baba. Akanitazama kama niliyekosa adabu. "Mchu kaniletea kwa imani, nimrudishie?" Nikamwendea Bi Mwanaisha, akanuna, akadhani namwita mchawi.

Alasiri hii amekuja tena na vidonge. Baba akapokea, akashukuru. Alipotoka nikajiandaa kugombana, lakini baba akavitia mkononi mwangu bila ubishi. Nilifurahi, mama, nusura nilie.

Kisha akasema, "Mpelekee mamako. Jana tumbo lilimsumbua."

Daktari alishanionya kwamba siku atakapoanza kuchanganyikiwa, nimpeleke hospitali, nisingoje kuche. Nimeita gari. Namalizia haya huku namvalisha viatu, na yeye anauliza kama tunakwenda kwako.

Nimemwambia bado.

Mungu akulaze pema,
Binti yako wa mwisho